Nyumba ya kisasa inayojiendesha ndani ya Second Life, imechorwa Sakina, Arusha: njooni muikosoe kabla sijaiuza

Fundi Pepe, Sakina

Wakuu, salaam.

Mnaonifahamu humu mnajua kazi yangu ya mchana ni kuchora ramani za nyumba, hizi za Njiro na Moshono zenye paa la kujificha na dirisha linalotoka sakafuni hadi darini. Usiku najenga ndani ya Second Life. Safari hii nimetengeneza nyumba inayojiendesha yenyewe: milango, taa, mapazia, vioo, ulinzi. Kabla sijaipeleka sokoni naomba muipige rungu bila huruma.

Kwa wageni wa mambo haya: Second Life ni ulimwengu wa mtandaoni wa kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, ulifunguliwa mwaka 2003. Hakuna kushinda wala kushindwa mle. Unaingia na mwili wa kuchorwa, yaani avata, unapata kiwanja, unajenga, unauza, unapiga stori. Karibu kila unachokiona kimetengenezwa na watumiaji. Wana pesa yao, Linden dola, na dola moja ya Marekani inacheza kwenye 250 hivi. Ardhi imekatwa kanda kanda, kila kanda mita 256 kwa 256. Mwenye uanachama wa kulipia anaruhusiwa mita za mraba 1,024 bila kuongeza hela, yaani 32 kwa 32, na hicho ndicho kiwanja nilichokilenga.

Kiwanja hicho huko bara, yaani kwenye ardhi kuu ya Linden Lab, kinabeba uzito wa 351. Kila kitu unachokishusha, kiti, ua, ukuta, kinakatwa humo. Nyumba yangu na mitambo yake yote inakula 88. Kuna nyumba nzuri ajabu zinakula 300, mwenyewe akishaweka kitanda na kabati hana tena pa kuweka hata sufuria.

Vipimo msishangae. Dari ni mita nne na nusu, milango mita tatu. Kamera ya mle inakaa nyuma na juu ya kichwa cha avata, ukijenga kwa vipimo vya manispaa mteja ataishi akiangalia upande wa ndani wa dari. Ukuta wa nje nimeupiga picha kwenye nyumba moja hapa Sakina, ile plasta ya kukwaruza, nikaishona ijirudie bila kuonyesha maungio.

Sasa tuje kwenye kujiendesha, maana hapa ndipo nataka tubishane.

Wauzaji wengi wanashindana kwa orodha ya vifaa: taa za rangi kadhaa, pazia za rimoti, meko, jakuzi. Mimi swali langu la kwanza ni moja: nyumba inafanya nini wakati hakuna mtu? Kanda nzima inaendeshwa na seva moja inayopiga fremu 45 kwa sekunde, ambazo ni kama milisekunde 22 kwa fremu. Ndani ya hizo milisekunde inakokotoa fizikia, inahudumia avata wote na kuendesha skripti, yaani programu fupi zinazoendesha vitu, za majirani wote. Skripti yako ikizunguka bure saa ishirini na nne, umekaa kwenye kiti cha watu wengine.

Chukua mlango wa mbele. Njia ya uvivu ni kuweka kihisi kinachochungulia kila sekunde: kuna mtu? kuna mtu? kuna mtu? Mwaka mzima. Mimi nimelaza kibao kisichoonekana mita tatu mbele ya mlango, nikakipa llVolumeDetect, amri inayokifanya kipitike huku kikihisi anayepita. Kibao hicho hakiulizi chochote. Avata akikipita, fizikia ya seva yenyewe inaita collision_start, yaani tukio la mgongano, kibao kinautumia mlango ujumbe, mlango unafunguka, na hapo tu ndipo saa ya kufunga inaanza kuhesabu. Ukishafunga, saa inazimwa kabisa. Kibao lazima kiwe kitu cha peke yake: ukikiunganisha na nyumba, llVolumeDetect inaishika nyumba nzima na watu wanaanza kupita ukutani.

Hizo mita tatu nazo zina sababu. Seva za Second Life zilihamishiwa kwenye mashine za Amazon kule Oregon, na kutoka Arusha ujumbe kwenda na kurudi unachukua zaidi ya robo sekunde. Mlango ukisubiri mpaka uguse, mtu anayekimbia atakuwa ameshabamiza uso.

Bawaba: kitu chochote mle kinazunguka kwenye kitovu chake. Zamani watu walikuwa wanakata boksi nusu ili nusu inayobaki izungukie ukingoni. Siku hizi kwenye Blender, programu ya kuchora 3D, unaongeza pembetatu ndogo isiyoonekana upande wa pili wa bawaba kabla ya kupakia, ili kitovu cha umbo zima kiangukie kwenye bawaba, kazi imeisha.

Mapazia na taa ntaeleza chini, naona mada imeshakuwa ndefu. Karibuni.

Chalii wa Kijenge

Uzi bila picha huu. Halafu mkuu, yani umepanga vyumba viwili Sakina, huko hewani una jumba lenye jakuzi? Si bora hiyo nguvu ungenunua tripu ya mchanga.

Fundi Pepe

Picha napandisha bando likikaa sawa. Mchanga nao nanunua, chalii wangu, na hela yake nyingine imetoka huko huko hewani.

Meku wa Machame

Nimecheka. Lakini Chalii, usimseme sana, sisi kwetu Machame na Kibosho ndio mabingwa. Jumba la ghorofa, vigae, geti la rimoti, mwaka mzima yumo mlinzi na mbwa wake. Desemba ndio linawashwa taa zote, wiki mbili, Januari kimya. Hiyo ya Fundi Pepe ni ile ile, tofauti yake haina mlinzi wa kulipwa.

Swali langu: ukisema nyumba inalala kukiwa hakuna mtu, inajuaje kuna mtu? Mimi naweza nikajirusha (teleport) moja kwa moja hadi sebuleni, kibao cha mlangoni sijakikanyaga.

Fundi Pepe

Meku, umenipa jina la bidhaa bure: Nyumba ya Desemba.

Jibu: inaamshwa na sakafu. Avata akitua popote ndani, mguu wake ukigusa sakafu collision_start inaita skripti kuu. Ikishaamka ndipo inaanza kuhesabu watu kwenye kiwanja kila nusu dakika, kwa llGetAgentList, ambayo ni nyepesi kuliko kihisi. Lazima ihesabu, maana mtu akishakaa kwenye kochi hagongani na chochote, ukitegemea mwendo tu utamzimia taa akiwa katikati ya maongezi. Ikikuta hakuna mtu mara mbili mfululizo inashusha mapazia, inazima taa, inazima na saa yake yenyewe. Baada ya hapo haifanyi kitu.

Binti Themi

Habari zenu. Nipo Second Life tangu 2009, nimepangisha watu, nimefukuza watu, kwa hiyo nitasema bila kupaka mafuta.

La kwanza, hiyo llGetAgentList ya kiwanja haijali urefu wa kwenda juu. Wengi wetu tuna nyumba chini na chumba kingine mita elfu mbili angani. Mimi nikiwa huko juu nimelala, nyumba yako ya chini itahesabu kuna mtu, itawasha taa mpaka asubuhi. Haitalala kamwe.

La pili, amri za nyumba zinapita chaneli gani? Nimeshanunua nyumba, muuzaji simtaji, ambayo ilikuwa inasikiliza chaneli sifuri, ile ya maongezi ya kawaida. Kila neno linalosemwa sebuleni lilikuwa linapita kwenye skripti kumi na kitu zikiuliza "nimeitwa mimi?" Na jirani akiandika "lights off" anatuzimia.

La tatu, ulinzi. Hapo naomba uwe muungwana.

Fundi Pepe

Dada Binti Themi, ndiyo maana nilikuwa nakusubiri wewe.

La kwanza naliongeza leo: kila anayehesabiwa atasomwa na mahali alipo, llGetObjectDetails inatoa, na aliye juu au chini ya nyumba kwa zaidi ya mita ishirini haingii kwenye hesabu.

La pili: hakuna amri ya kuandika kabisa. Kuna kidude kimoja ukutani karibu na mlango, ukikigusa kinaleta menyu. Chaneli yake ni namba hasi, inachaguliwa kwa bahati nasibu kila menyu inapofunguliwa, na usikilizaji unafungwa ukishajibu au dakika moja ikipita. Vifaa vilivyoungwa na nyumba vinaongea kwa ujumbe wa ndani, hakuna hewa yoyote inayotumika. Vibao vya milangoni tu ndivyo vinatuma kwa chaneli, navyo mlango unaangalia kwanza kwamba mwenye kibao ndiye mwenye nyumba, llGetOwnerKey. Jirani akitengeneza kibao chake akaijua na namba ya chaneli, bado anagonga mwamba.

Wapangaji na marafiki wanaruhusiwa kwa kundi: umevaa nembo ya kundi la nyumba, unagusa, hujavaa, unaona menyu ya mgeni yenye kengele tu.

Umeme wa Uhakika, Njiro

Mimi nafunga hivi vitu kwenye nyumba za kweli. Mnaongea vizuri ila naona mnanionea wivu kinyumenyume. Nyumba ya kweli mteja anataka taa ijiwashe akiingia chooni, tunafunga kihisi cha joto la mwili, kinakaa kinakula umeme kidogo sana, hakuna jirani anayelalamika. Tatizo letu ni LUKU kuisha na umeme kukatika. Ukirudi, vifaa vingine vinasahau vilikuwa wapi, geti linafunguka lenyewe saa nane usiku.

Kwenu huko umeme ukikatika inakuwaje? Na gata za maji ya mvua mbona sizioni kwenye paa la kujificha? Au huko hakuna masika?

Fundi Pepe

Gata nimeweka ya urembo, ipo upande wa nyuma. Mvua ya mle ni picha tu inashuka, hailoweshi dari.

Kukatika kwao ni kuwashwa upya kwa kanda, wanafanya mara kwa mara katikati ya wiki wakibadilisha programu za seva. Tofauti na geti lako, skripti zinaamka zikikumbuka zilipokuwa: mlango uliokuwa wazi unabaki wazi, namba zote zipo. Kitu kimoja tu kinapotea, anwani ya mtandao. Nina kipengele cha simu: ukiwa kwenye haisi ya Njiro unafungua ukurasa, unabonyeza, meko inawaka na taa za njia zinawaka kabla hujaingia. Hiyo inatumia llRequestURL, na anwani unayopewa inakufa kanda ikiwashwa upya. Kwa hiyo skripti inasikiliza tukio la kuanza kwa kanda, inaomba anwani mpya, inaipeleka kwenye ukurasa wangu. Nyumba nyingi zenye "udhibiti wa simu" zinafanya kazi vizuri mpaka kanda iwashwe upya kwa mara ya kwanza, halafu mteja anabaki anabonyeza hewa.

Umeme wa Uhakika, Njiro

Sawa, hiyo nimeielewa kuliko nilivyotegemea.

Mama Lodge

Habari za jioni wanangu. Nina nyumba ya wageni Usa River, vyumba sita. Kijana wangu kaniambia huyu anaweza kunijengea lodge yangu huko ndani, wageni wa Ulaya waingie waione kabla hawajalipa. Ni kweli?

Fundi Pepe

Shikamoo mama. Kujenga naweza, hela yako sitaki kuila. Mgeni wa safari hatapakua programu, afungue akaunti, ajifunze kutembea, ili aone kitanda. Tafuta mtu mwenye kamera ya picha za kuzunguka pande zote, akupigie vyumba vyote sita asubuhi jua likiwa upande wa bustani, ziwekwe kwenye tovuti yako. Zitafunguka kwenye simu ya mgeni bila kupakua kitu.

Mama Lodge

Marahaba. Ahsante kwa kusema ukweli baba, Mungu akubariki.

Mwanachuo Tengeru

Mkuu, naomba maswali ya kimasikini. Nina laptop ya kawaida, kadi ya picha ni ile ya ndani. Bando ni la wiki. Kupakia teksicha moja, yaani picha ya kufunikia ukuta, kunaanzia Linden dola 10, na meshi, yaani umbo la 3D lililochorwa nje, wanataka uwe umesajili njia ya malipo na ufanye jaribio la maswali ya hakimiliki. Mtu anaanzaje bila kufilisika?

Fundi Pepe

Maswali ya maana haya, wala si ya kimasikini.

Usijengee kwenye mtandao hai. Pakua OpenSimulator, ni programu huria iliyoanza 2007, unaiwasha kwenye laptop yako mwenyewe unakuwa na kanda yako humo humo. Ukishaiweka haihitaji intaneti kabisa, kupakia ni bure, na skripti nyingi za LSL, lugha ya skripti ya Second Life, zinakubali bila kubadilisha. Mimi mlango wote niliunyoosha huko, umeme wa betri, bando limezimwa. Ukija kwenye Second Life yenyewe kuna mtandao wao wa majaribio unaitwa Aditi, ambako Linden dola ni za kuchezea. Pakia huko kwanza uone uzito unaotoka ndipo upakie kwa hela ya kweli. Na teksicha unaweza kuitazama ukutani moja kwa moja kutoka kwenye diski yako bila kuilipia, wewe tu ndiye utakayeiona.

Malipo, kadi pepe za mitandao ya simu zimenikubalia. Kutoa hela kurudi Arusha ndiko kwenye kona nyingi, hilo tufungue uzi wake.

Laptop: tangu programu yao ya kuingilia ilipohamia PBR, mfumo mpya wa kuchora mwanga, mwishoni mwa 2023, ule mwanga mwepesi wa zamani uliondolewa, kwa hiyo mashine dhaifu zinahema. Punguza umbali wa kuona hadi mita 64, zima vivuli, punguza idadi ya avata wanaochorwa kamili. Na ongeza nafasi ya kuhifadhi picha za muda, la sivyo kila ukirudi nyumbani unapakua ukuta ule ule na bando linakwenda na maji.

Mwanachuo Tengeru

Nimejaribu kupakia banda la meshi huko OpenSimulator. Mlango uko wazi, naona mpaka ndani, lakini siingii. Nagonga hewa.

Binti Themi

Hilo ndilo lililowatoa watu machozi 2011 meshi zilipoingia. Umepakia bila umbo la fizikia, kwa hiyo seva imelifunika banda lako lote kwa ngozi moja iliyonyooka, tundu la mlango limezibwa. Macho yanaona tundu, mwili hauoni. Tengeneza meshi ya pili rahisi, kuta tu, maboksi matupu bila madirisha wala urembo, ukiacha nafasi ya mlango. Ipakie kwenye sehemu ya fizikia, halafu kitu kikishashuka badilisha aina yake ya fizikia iwe ya primu (Prim), inayofuata umbo ulilopakia. Na usipakie ukuta mwembamba peke yake: kitu ambacho upande wake mmoja uko chini ya nusu mita, Second Life inakurudishia ngozi ile ile hata ukichagua primu. Unganisha kuta kwenye kipande kimoja kikubwa.

Mwanachuo Tengeru

Nimeingia! Ahsante sana dada.

Chalii wa Kijenge

Mbona mnaongea sana hamleti picha. Mapazia je? Fundi alisema ataeleza chini.

Fundi Pepe

Naam, mapazia.

Wazo la kawaida ni kufuata jua. Skripti inauliza llGetSunDirection, namba ya urefu ikiwa chini ya sifuri basi jua limezama, funga pazia, washa taa. Kwenye karatasi safi kabisa. Mle ndani kuna mambo mawili.

Siku ya kawaida ya Second Life ni saa nne: tatu za mwanga, moja ya giza. Ukikaa jioni nzima na wageni mapazia yanafunga na kufungua kila baada ya muda, taa zinawaka na kuzima, watu wanadhani nyumba ina majini. Na tangu 2020 kila mwenye kiwanja anaweza kuweka anga lake, halafu juu ya hilo kila mtu anaweza kuweka anga la macho yake peke yake, ambalo seva hailijui. Seva inasema usiku, wewe umejiwekea mchana wa saa sita, pazia linajifunga mbele ya jua kali, unamlaumu fundi.

Kwa hiyo menyu ina chaguo tatu. Jua la kiwanja. Mkono wako. Na ya tatu ambayo nadhani hakuna mwingine anayo: saa za Arusha. Skripti inachukua llGetUnixTime, saa ya dunia ya UTC, inaongeza sekunde 10,800, yaani saa tatu, inapata saa yetu ya hapa. Saa kumi na mbili na nusu jioni, jua la kweli linapozama nyuma ya Monduli, taa za baraza zinawaka mle ndani pia. Huku kwetu jua halihami sana mwaka mzima, kwa hiyo muda mmoja unatosha. Mtu wa Sweden atahitaji jedwali, ajitengenezee.

Taa zenyewe zina ujanja wake. Taa za kawaida za mle hazitupi kivuli, mwanga unapita ukutani. Ukiwasha ya jikoni kwa nguvu, chumba cha kulala nacho kinang'aa. Nimezifanya nyingi za duara dogo badala ya moja kubwa. Na vioo vya kuweka giza nimevipunguza: kioo cha uwazi kikikaa mbele ya kitu kingine cha uwazi, mathalani nywele za avata au majani ya mgomba, programu inachanganyikiwa kipi kiko mbele, nywele zinatokea mbele ya dirisha. Kioo chenye giza kipo kimoja tu, cha sebuleni.

Binti Themi

Hujajibu la tatu.

Fundi Pepe

Ulinzi. Kama ulivyoomba. Inapokuja umezimwa, mwenye nyumba auwashe mwenyewe. Ukiwaka unamwonya mgeni kwa ujumbe, unampa sekunde 30, ndipo unamtoa nje ya kiwanja. Unamtoa tu, haumrudishi kwao. Na haugusi mtu aliye juu ya mita hamsini, maana huko bara watu wanaendesha ndege, na hakuna kinachoudhi kama kuruka kwa utulivu na ghafla kurushwa nje ya kiti kwa sababu mtu chini ana kochi analolilinda.

Binti Themi

Sekunde 30 nimeipenda. Wengine wanatoa sifuri, rafiki yako anaalikwa chakula anatupwa barabarani kabla picha haijamfungukia. Haya, nipe nakala nijaribu kwenye kiwanja changu.

Meku wa Machame

Kabla hamjaondoka. Mimi sitaki kontemporari. Nataka nyumba ya msonge ya Kichagga, ile ya nyasi mpaka chini, na kihamba chake, migomba na kahawa, halafu ndani iwe na haya yote. Mlango mfupi kabisa, mtu ainame.

Fundi Pepe

Meku, hiyo naitaka kuliko hii. Mlango wa kuinama sahau, avata haiinami yenyewe mlangoni, ukiweka mita moja na nusu utabaki nje na msonge wako. Nitaupa mlango mita tatu kisha nyasi zishuke mbele yake zisizo na fizikia, atapita katikati yake itaonekana ameinama. Nyasi ndizo zinanipa shida: ukizifanya nyuzi moja moja za uwazi, uzito na kuchorwa vinakuwa vingi. Nafikiria koni ya kawaida, na tabaka mbili tu za majani ya kukata kwa ukali, siyo ya uwazi laini, upande wa chini ambako jicho linafika. Nenda ule msonge wa makumbusho pale Marangu unipigie picha za nyasi kwa karibu, mawingu yakiwepo, jua kali linaacha vivuli ambavyo siwezi kuvifuta. Na vipimo vya ndani, banda la ng'ombe liko upande gani.

Meku wa Machame

Jumamosi nakwenda msibani huko huko, nitapita.

Binti Themi

Nimeishusha kwangu. Mlango safi, nimekimbia nao kwa nguvu haujanigusa. Taa za Arusha zimewaka saa kumi na mbili na nusu kamili, huku nimeangalia dirishani kwangu Themi giza linaingia kweli, nimefurahi. Shida moja: nikibonyeza "funga yote", pazia la chumba cha kulala cha pili halisikii. Jingine, la bafuni, linafunga mara mbili.

Fundi Pepe

Ulitenganisha kitu chochote ukakiunga tena?

Binti Themi

Niliondoa jakuzi. Sihitaji jakuzi.

Fundi Pepe

Basi ni hiyo. Ukitoa kipande namba za vipande vinavyofuata zinahama. Skripti ya mapazia ilikuwa inaita kwa namba. Nimebadilisha sasa hivi inasoma majina yote kila nyumba inapoguswa muundo wake, kisha inaita kwa jina. Nakutumia toleo jipya, badilisha skripti moja tu, ile kuu. Unaruhusiwa kurekebisha na kunakili, usimgawie mtu.

Binti Themi

Limefunga. Yote. Lakini mbona kengele ya mlangoni inalia ng'ombe?

Fundi Pepe

Ndiyo, ni njuga ya ng'ombe, niliirekodi Ngaramtoni. Ukitaka ile ya kawaida ipo kwenye menyu, ukurasa wa pili, maana ukurasa mmoja haupokei zaidi ya vitufe 12.

Chalii wa Kijenge

Iacheni ya ng'ombe. Na picha?